Nani Alichukue Kabati la Dada Siwema

Sogeeni, na aliye mbali asogee zaidi, maana nina kesi imenishinda na ninataka imshinde na mwingine. Mimi nimetembea. Nimeshuka stendi za Lubumbashi, nimelala Beira, nimekula Kigoma na Kisumu na kote nimebishana na watu kuhusu samaki. Ndugu zangu wanaamini mtu akitembea sana hurudi na hekima. Mimi nimerudi na mgongo unaouma. Lakini ndimi mjomba, na mjomba akiitwa Muheza kuamua, huenda.

Watu wa kesi ni wanne. Kidawa, mtoto wa kwanza wa marehemu dada yangu Siwema, ana jicho: huona uzuri wa kitu ambacho wengine wamekwisha kukitupa. Mhina, wa pili, ana mikono. Ni seremala, na ukimpa mbao mbili zinazochukiana atazioanisha. Mwanahija, kitinda mimba, ana rangi. Nusu ya bajaji za mji anaokaa zimechorwa naye. Wa nne ni Bi Mgeni, shangazi yao, aliyeishi na dada yangu nyumba moja miaka thelathini. Kipaji chake ni usafi. Akiona doa hapati usingizi, na doa nalo halipati.

Siku ya arobaini watoto waligawana vitu vya mama yao bila ugomvi. Kidawa cherehani, Mhina kitanda, Mwanahija redio. Kabati la vyombo hakulitaka mtu. Lilikuwa limegeuzwa banda la kuku, limepoteza mguu, mlango umegoma kufunguka mwaka wa tisa, na tetea mmoja alikuwa anaatamia kwenye droo. Hata mimi nililipita nimeziba pua.

Sasa, pilau la hitima liko jikoni na kuni zimepungua. Mpishi akachukua shoka, akaelekea bandani. Shoka lilikwisha kupanda juu Kidawa alipofika mbio na kuketi juu ya kabati. Akamwambia mpishi akitaka kupasua aanze na yeye, maana ana mafuta zaidi na atawaka vizuri. Mpishi akaenda kuomba kuni kwa jirani. Pilau lilichelewa, mimi nilinung'unika kuliko wageni wote, na leo naona aibu. Bila Kidawa, kabati lile tungelila siku ileile.

Mhina akalichukua, akalilaza barazani. Akachonga mguu mpya wa mvule, akang'oa misumari iliyopigwa na mafundi wavivu, akaunga kila kiungo upya kwa gundi. Nilijitolea kumshikia ubao. Nikajigandisha kidole, tukapoteza nusu saa. Siku ya nne akaubembeleza mlango kwa patasi mpaka ukafunguka. Upande wa ndani kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na majina kwa mwandiko wa mama yao: Kidawa, Mhina, Mwanahija, mwaka kwa mwaka walivyokuwa wakirefuka. Mhina akaweka patasi chini, akatuita. Tangu dakika ile, kitu kisichotakiwa na mtu kikatakiwa na wote. Bila Mhina, mistari ile ingebaki gizani.

Mwanahija hakugusa ndani ya mlango. Nje akapaka bluu, akalitazama, akasema linafanana na zahanati. Basi juu ya bluu akapaka rangi aliyoichanganya mwenyewe kwa kukisia, nyeupe ya maziwa yaliyotiwa hiliki, akaliacha uani likauke, akaenda kulala. Majirani walipita kulitazama kama wanatazama bibi harusi. Bila Mwanahija, lingekuwa kabati zima, lakini lenye sura ya mgonjwa aliyepona jana.

Bi Mgeni hakuyajua hayo ya gundi na rangi. Tangu hitima ilipokwisha alikuwa Handeni kwa mgonjwa. Alirudi asubuhi iliyofuata, akakuta kabati la wifi yake jeupe, akadhani wapaka chokaa wa nyumba ya pili wamelimwagia. Hakuuliza mtu. Alijifunga kanga ya kazi, akatwaa kumbi la nazi, jivu na mchanga kidogo, akasugua. Na alisugua kama anavyosugua sufuria: katikati anapitia tu, lakini kingo, pembe na vishikio, pale uchafu unapopenda kujificha, alisugua mpaka jasho likamtoka.

Mwanahija aliingia na brashi mkononi, akaketi chini palepale.

"Shangazi, umefanya nini?"

"Nimelisafisha, mwanangu. Lilikuwa na chokaa."

Kidawa akalizunguka kabati mara moja, akalizunguka tena. "Mtu asiliguse," akasema. "Tazameni."

Tukatazama. Kwenye kingo bluu ilikuwa imechungulia chini ya maziwa, na chini ya bluu mti wenyewe, kahawia iliyoiva. Kishikio kilikuwa kimelika, na ukingo wa droo ya juu umelika pale hasa Siwema alipoweka kiganja kila asubuhi akitafuta vijiko. Huko Mombasa nimewahi kulala hoteli yenye makabati yaliyopakwa rangi mpya, kisha yakapigwa msasa kwa makusudi yaonekane makuukuu, nikadhani mwenye hoteli ana homa. Hili lilinifanya nigeuke kumtafuta dada yangu kwa macho. Mwanahija akainuka, akamkumbatia shangazi yake, akaanza kucheka, na uani ikawa kama siku ya Idi. Watu waliitana kutoka mtaa wa tatu. Bila Bi Mgeni, lingekuwa kabati zuri la mtu yeyote.

Kicheko kilidumu mpaka chai. Baada ya chai kila mmoja akasema kabati ni lake.

Kidawa aliwakumbusha kwamba walikuwa wanalipikia pilau. Mhina akajibu kwamba dada yake aliokoa kuni, kabati kalitengeneza yeye. Mwanahija akasema kinachoonekana pale ni rangi zake mbili. Shangazi hakuziweka, alizifunua tu.

Bi Mgeni alingoja wamalize. "Ninyi mna majina mlangoni," akasema. "Mimi sina. Lakini kesho mnaondoka wote, na mimi ndiye ninayebaki na jiko hili. Na huo mkono wa wifi yangu mnaouona hapo, umetoka kwenye mikono yangu."

"Shangazi," Mwanahija akasema kwa upole, "wewe ulikuwa unafuta chokaa."

"Na wewe ulikuwa unaficha zahanati."

Tukacheka wote, na kicheko hakikuamua kitu. Nikashauri lizunguke, miezi mitatu kila nyumba. Mhina akasema kwa barabara zetu, mwaka hautakwisha kabla viungo havijaachia. Nikashauri basi likae kwangu mpaka mioyo ipoe. Hapo walipatana kwa mara ya kwanza: wote wanne walikataa.

"Shemeji," Bi Mgeni akaniambia, "wewe huna hata vyombo."

Gari la mizigo linakuja kesho asubuhi. Kila mmoja ameapa atalikubali neno langu, na hicho ndicho kinachonitisha. Nikimpa Kidawa, nimesema kuona ni zaidi ya kutenda. Nikimpa Mhina au Mwanahija, nimesema mkono wa shangazi yao uliokosea haustahili kitu, ilhali ndio uliomrudisha dada yangu uani. Nikimpa Bi Mgeni, watoto watatu watapanda gari wakiuacha utoto wao wote nyuma ya mlango mmoja.

Wewe uliyekaa kimya muda wote huu, ungekuwa ni wewe mjomba, kabati lingelala kwa nani?