Neno Aliloliongeza Bi Harusi

Bi harusi mmoja aliolewa kisiwani. Kisiwa chenyewe si kikubwa. Ukipiga chafya upande huu, mbuzi wa upande wa pili wanageuza masikio. Yeye kwao ni bara, kwenye vumbi na mabati, na bahari alikuwa ameiona kwenye kalenda ya ukutani tu.

Kilichompeleka huko ni mdomo wa mwanamume. Akina dada, nisikilizeni vizuri hapa. Mchumba wake alikuwa fundi seremala, na wakati wa uchumba alikuwa akimwambia, "Kwetu kuna ufuo, ukiuona utasahau njia ya kwenu. Mchanga mweupe kama sembe. Maji yake yana rangi ambayo hata jina haijapewa." Binti akayabeba maneno hayo mzima mzima akawapelekea mashoga zake. Shoga mmoja akamuuliza, "Na huo ufuo mtautia chumvi mle?" Wakacheka wote. Lakini moyo ulikwishavuka maji.

Harusi ikafungwa, boti ikawapeleka. Walifika jua likizama, na maji yamekupwa. Mnaijua pwani maji yakikupwa? Bahari inarudi nyuma mbali sana na kuacha wazi kila ilichokuwa imekifunika. Boti ikatia nanga huko mbali. Bi harusi akavua viatu, akakusanya kisutu chake mkononi, ile kanga ya harusi nyekundu na nyeusi, akatembea kwenye tope, mwani ukimnata vifundoni na kaa wakimpisha kama wageni waalikwa. Na harufu, jamani. Kina mama wa kisiwa kile hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani ili yaoze, kisha huyafukua wakasokota kamba. Kamba hizo ni imara, sina ugomvi nazo. Ila kabla hayajawa kamba, makumbi hayo yananuka kama jambo ambalo familia nzima imekubaliana kutolizungumza.

Na nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya mwisho kabisa, mlango wake wa uani ukitazamana na makumbi hayo.

Kabla ya kulala alimuuliza mumewe, "Ule ufuo uko wapi?"

Mume akacheka. "Utauona mwenyewe. Nikikuonyesha mimi utasema nimeupamba." Akageukia ukutani, akalala. Bi harusi naye akalala, na usingizini akasikia kitu kinavuma nje, akadhani ni upepo.

Asubuhi mume alikuwa amekwishatoka, amekwenda kuezeka paa la zahanati. Bi harusi akafua kisutu chake kilichoingia tope, akakianika kwenye kamba ya uani. Pembe moja ya kisutu hicho ilikuwa na alama ya pasi, mdogo wake aliiunguza siku ya harusi kwa papara. Akakitandaza vizuri, kisha akatazama nje. Tope. Mwani. Makumbi. Yale yale ya jana.

Sasa ingieni kichwani mwake. Hakuwa analilia mchanga. Alikuwa anapiga hesabu ambayo kila mwanamke aliyemo humu ibadani angeipiga. Mtu aliyenidanganya ufuo atashindwaje kunidanganya mengine? Aliniambia hajawahi kuoa. Aliniambia hanywi. Aliniambia mama yake mpole. Ahadi zote zilikuwa zimeegemea ile ya ufuo, na ile ya ufuo ilikuwa imelala kwenye tope. Nguo zake zilikuwa bado kwenye begi. Boti ilikuwa irudi bara alasiri. Akaamua: ninautafuta huo ufuo kwa miguu yangu. Nikiupata, nafungua begi. Nisipoupata, boti na mimi, na talaka itanifuata kwetu.

Akasimama mlangoni pa uani, mkono kwenye fremu. Mama mkwe alikuwa jikoni, anamenya muhogo.

"Mama, kuna ufuo mzuri hapa kisiwani? Mwanao alinisimulia."

"Upo."

"Uko wapi?"

Mama mkwe hakuinua macho. "Si ndio hapo hapo, mwanangu."

"Basi acha nikautazame mara moja."

"Haya. Ila usikawie, muhogo nautia nazi, ukipoa haunogi."

Akashika njia ya kando ya bahari, bahari mkono wa kulia. Hapo mbele, akajiambia. Karibu tu. Akavuka vichaka vya mikadi, akapita majabali ya matumbawe yaliyomtoboa ndara, na kila kona aliyoikata alitegemea kuuona, na kila kona ilimpa kona nyingine. Akakutana na mama mmoja, kichwani ana mzigo wa kuni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe si ndiye bi harusi? Mbona peke yako, hina haijafifia hata kidogo?"

"Natafuta ufuo, shangazi. Ule mzuri wenye mchanga mweupe."

"Umefikia kwa nani?"

"Kwa mama yake fundi."

"Ee. Si ndio hapo." Na kuni zikamzidi uzito, akapita zake.

Hapo. Wanasema hapo, naye bado anatembea. Jua likapanda. Bi harusi akaanza kuyatunga maneno atakayomwambia mumewe, na yalikuwa maneno yaliyokwenda shule. Akafika kwenye kisima kimoja, akamkuta bwana mmoja anaosha baiskeli.

"Samahani, kaka. Ufuo mzuri ni wapi? Nimeambiwa hapo, natembea tu sifiki."

"Nani kakwambia?"

"Mama mkwe wangu. Mama yake fundi."

"Basi kakwambia kweli. Ni hapo."

"Nikifuata njia hii nitafika?"

"Utafika."

"Na nikirudi nilikotoka?"

"Utafika vilevile."

Akamtazama usoni kuona kama anamdhihaki. Bwana yule alikuwa anafuta spoki, hana habari. "Kisiwa chetu ni cha mviringo, bi harusi. Mtu akipotea hapa basi amejitahidi."

Hakurudi nyuma. Nani anarudi nyuma akiwa na hasira? Akakaza mwendo. Ndara ya kushoto ikakatika kabisa, akaibeba mkononi. Akaingia kwenye miti ya mivinje, mahali penye kivuli, sindano za mivinje zikiwa laini chini ya mguu uliochubuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi. Kisha mivinje ikaisha.

Akasimama.

Mchanga ulikuwa mweupe kama sembe. Haukuwa mpana, lakini ulijikunja taratibu kama mkono wa mtu aliyelala. Na maji yalikuwa yamekuja mpaka kwenye mchanga kabisa, maji matulivu yenye rangi ambayo, kusema kweli, jina haikuwa nalo. Bi harusi akaangusha ndara ya mkononi, akavua ya mguuni. Akaingia mpaka magotini. Akajiona vidole vya miguu, hina na yote, kama vimewekwa nyuma ya kioo. Akacheka peke yake kama chizi. "Kumbe hakunidanganya," akasema kwa sauti. "Jamani, kumbe hakunidanganya."

Na alipogeuka akaona kuwa ufuo ule una mwenyewe. Palikuwa na nyumba juu yake, na uani pa nyumba hiyo kanga imeanikwa inapepea. Akaionea wivu. Akawaza, mwanamke gani huyu mwenye bahati hii? Anaamka, anafungua mlango, na hii yote ni yake. Mume wangu naye, badala ya kunijengea huku, kanipeleka kulala kwenye makumbi.

Akasogea ili amwamkue mwenye nyumba. Kanga ilikuwa nyekundu na nyeusi. Akasogea tena. Ilikuwa kisutu. Upepo ukaigeuza, na pembeni ikaonekana alama ya pasi.

Mama mkwe akatoka jikoni, sahani mkononi. "Ndiyo unarudi? Nilisema usikawie. Muhogo huu umeshapoa."

Bi harusi akaishika pembe ile ya kisutu. "Mama," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Sikukwambia nini?"

"Kwamba ufuo ndio huu."

"Nilikwambia hapo hapo. Ulikuwa umesimama juu yake."

"Mimi nilidhani hapo mbele."

Mama mkwe akamtazama, miguu mitupu, kanga aliyojifunga imelowa mpaka magotini. Hakumcheka. "Mbele nani kataja, mwanangu?" Akamwekea sahani mkononi. "Kaa ule."

Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, miguu kwenye mchanga, akala muhogo wa nazi uliopoa, na ulinoga. Alipomaliza akaingia chumbani akafungua begi.

Sasa wapendwa, nawaona. Mmeshatoa kalamu, mnaandika: kitu unachokitafuta kiko nyumbani. Futeni. Sikuja kwa ajili ya hilo.

Rudini kwenye swali la mama mkwe. Mbele nani kataja? Sote tulifundishwa shule ya msingi: hapa ni nilipo mimi, hapo ni ulipo wewe au ulipopataja, pale ni mbali nasi sote. Bi harusi aliuliza watu watatu, na watatu walimjibu ukweli mtupu. Hakuna aliyemficha. Hakuna aliyemchezea. Alijibiwa sawasawa, kisha yeye mwenyewe, kimya kimya, akaliongezea jibu neno moja ambalo hakuna kinywa kilichokuwa kimelitamka. Neno hilo ndilo lililomzungusha kisiwa kizima. Na karibu limpandishe boti.

Na kwa nini aliliongeza? Kwa sababu hapo alipokuwa palinuka. Hakuweza kuamini kwamba uzuri alioahidiwa na makumbi yale vinakaa mahali pamoja. Maji yalikuwa hayajajaa, basi; mchanga ulikuwepo miguuni pake, ila macho yake yalikuwa kwenye tope.

Ndivyo tulivyo sisi. Kila Ijumaa tunafunga, tunaomba, sauti zinatukauka: Bwana, nionyeshe pa kukutumikia. Na tunajibiwa. Ningeruhusiwa kuapa ningeapa tunajibiwa. Tunaambiwa hapo. Nasi tunatoka tumeongeza mbele. Mbele, nikimaliza digrii. Mbele, nikipata kazi. Mbele, kwenye huduma ile kubwa yenye vipaza sauti vizuri, mkoa mwingine, kwa watu wengine, watu wasafi kidogo, wenye shida zinazopendeza kusimuliwa.

Na wewe dada unayelala kitanda cha chini kule hosteli, mwenzako wa kitanda cha juu hajala tangu jana. Unajua hajala. Unajua kwa sababu anakwambia ameshiba kabla hujamuuliza. Jana ulimpita ukaenda kwenye maombi ya kuwaombea wenye njaa wa nchi za mbali, na uliomba vizuri, nilikuwa pembeni yako, nilisema amina. Ulikuwa umeambiwa hapo. Nawe kaka, babako amekupigia simu wiki nzima, hupokei kwa sababu ukipokea anaanza habari za mguu wake. Mguu wa babako ndio hapo. Unanuka, ndiyo. Hauvutii. Nani kakwambia utume wako utakuja umevaa manukato?

Msiniambie mnangoja uongozi wa kiroho. Mmeshaongozwa. Kilichobaki ni kulitoa lile neno mliloliongeza wenyewe.

Wala siwaambii haya kwa huzuni. Mwanamke yule hakufa. Alichubuka mguu, akala chakula kilichopoa, akacheka. Maji hujaa. Hujaa kila siku, na hayangoji tuyastahili. Ukisimama hapo hapo ulipowekwa, miguu kwenye tope lako, utayaona yakija, yatafunika makumbi yote, na utaionea wivu kanga ya mtu halafu ukute ni ya kwako.

Basi leo tusikae sana baada ya ibada tukiulizana Mungu anataka nini. Tumeshajibiwa. Simameni, kila mtu arudi alikotoka. Muhogo unapoa.