Pedeli, Meno na Magoti ya Holo

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu maana baiskeli zilikuwepo, mtoto aitwaye Sayi aliumwa na nyoka akichuma mlenda. Mguu ukavimba. Dawa ilikuwa zahanati, ng'ambo ya milima miwili, na mvua ilikuwa imekata barabara, gari halipiti. Asipofika kabla ya jua kuzama, mama yake, Milembe, hana mtoto tena.

Holo, mdogo wake Milembe, akamfunga Sayi mgongoni kwa kanga, akatoa baiskeli yake. Baiskeli gani hiyo? Pedeli zilikwisha kitambo, vimebaki vyuma viwili vyembamba. Akapanda hivyo hivyo.

Nkwabi, fundi baiskeli wa kijiji, akaushika usukani kumzuia. Akamshusha, akaipindua baiskeli, akaanza kufungua kigurudumu cha meno cha nyuma ili aweke kikubwa zaidi. Watu wakamjia juu. Mtoto anakufa, wewe unafungua nati? Holo akalia kwamba meno mengi yatamchelewesha.

"Yatakuchelewesha tambarare," fundi akasema. "Mlimani hutashuka kusukuma. Magoti yakikufa njiani, Holo mwanangu, mtoto atafikishwa na nani?"

Akaunga mnyororo taratibu, jua linapanda. Mimi ningekuwepo ningempiga, nasema kweli.

Jirani yao Mahona alikuwa amefunga matenga ya nyanya apeleke mnadani. Akaviona vile vyuma. Bila kuombwa akafungua pedeli zake, pana, zenye mpira, akamfungia Holo. Baiskeli yake ikabaki haiendi, nyanya zikaoza uani.

Holo akaenda. Mlima wa kwanza akapanda, hakushuka. Mlima wa pili akapanda, hakushuka. Mvua ikampiga, magoti yakawaka moto, akazungusha tu. Walipofika, muuguzi akasema wangechelewa nusu saa wangemzika.

Siku ya nne wakarudi, Sayi akitembea mwenyewe. Hapo ndipo hofu ilipoanza upya. Kwa desturi yao, mtoto aliyetoka mikononi mwa kifo havuki kizingiti na jina la zamani. Hupewa jina la aliyemwokoa, jina moja tu, ili kifo kikirudi kumtafuta kisimjue. Akipewa la asiyestahili, kifo humtambua.

Nkwabi akasema apewe lake, kwani alitukanwa na kijiji kizima na hakuacha kazi, na bila meno yale wangelala mlima wa kwanza.

Mahona akasema kwenye vyuma vile vyenye maji nyayo zingeteleza, na wote wawili wangekuwa korongoni. Tena yeye hakuwa ndugu wala fundi, alitoa tu.

Holo akawageukia wote wawili.

"Mnasema meno, mnasema mpira," akasema. "Pumzi yake ilikuwa shingoni mwangu, inapungua. Ninyi hamkuisikia. Na wewe fundi, ile nusu saa ilibaki kidogo uimalize wewe."

Fundi akamjibu kwamba aliirudisha yote mlimani. Nani angeipima?

Milembe akasimama ndani ya mlango, mikono ameinyoosha, mdomo anaogopa kuufungua. Nje wingu limekwisha kutanda, na mtoto bado hajavuka kizingiti.

"Mama," mtoto akasema, "mbona huniiti?"

Haya, ninyi mnaonisikiliza, msikae kimya, mtoto amesimama: Milembe amwite nani?