Zimwi Lililotafuta Asipo Mungu

Aliyenisimulia hadithi hii kwanza ni Mama Hansa, jirani yetu Mhindi, tulipokuwa tukichambua mchele. Sogeeni karibu, msiniache peke yangu.

Zimwi lilimpokonya mama mmoja mtoto wake njiani. Likasema, "Nionyeshe kitu ambacho Mungu hayumo. Nitakula hicho, nimwache mwanao. Ukikosea mara tatu, namla."

Mama akaonyesha jiwe. Jiwe likanong'ona, "Yumo."

Akaonyesha mwiba. Mwiba ukanong'ona, "Yumo."

Zimwi likacheka, mate yakidondoka. "Imebaki moja, mama unayetoka jasho!"

Ulimi wa mama ulitaka kusema, "Wewe!" Akalitazama usoni, akaona macho yenye njaa kama ya mwanawe.

"Sikioni kitu hicho, baba," akasema. "Hata ndani yako yumo."

"Mwongo!" Zimwi likamng'ata mtoto kidole. Lakini aliyepiga yowe ni zimwi lenyewe, na damu ikatoka kidoleni mwa zimwi. Likamrudisha mtoto polepole, kama mtu anayejipakata mwenyewe.

Asubuhi baada ya kusimuliwa hadithi hiyo, nilikuta siafu mlangoni kwangu. Niliwaogopa sana. Nikambeba mwanangu, na maji ya moto niliyotaka kuwamwagia nikayaacha yapoe.