Bi Pimbi Atafuta Mbeleko

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa na mama.

— Mama na nani?

Mama na watoto wawili, na safari mbele yao.

— Tunafuatana naye! Tangulia!

Basi sogeeni, msikilize.

Hapo kale palikuwa na Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: kanyama kadogo, kanene kidogo, hakana mkia, kanaishi katika nyufa za mawe. Bi Pimbi alikaa kwenye majabali pamoja na wanawe. Mkubwa aliitwa Chausiku, binti mwenye maswali mengi na miguu mifupi. Mdogo aliitwa Mavuno, bado ananyonya.

Asubuhi moja Njiwa akatua juu ya jabali. Puu!

"Bi Pimbi, natoka kwa mama yako, ng'ambo ya mbuga. Macho yake yanafifia. Anasema bado anaona kidogo, lakini hajui mpaka lini. Anataka amwone Mavuno kabla giza halijafunga."

Bi Pimbi akamtazama Mavuno. Mama yake alikuwa hajamtia machoni mjukuu huyo hata mara moja.

"Mwambie nakuja," akasema.

Njiwa akaruka, puruputu! Bi Pimbi akabaki anaitazama mbuga. Mbuga pana, nyasi fupi, hakuna jiwe la kujificha, na juu yake Tai anazunguka, anazunguka. Mavuno hawezi kutembea. Chausiku akitembea kidogo tu, anakaa chini na kusema miguu imeisha. Watoto hawa atawabebaje?

Akaenda kwa jirani yake, Bi Nyani.

"Shoga, wewe wanao unawabebaje safarini?"

"Mimi? Siwabebi. Wananing'inia wenyewe kwenye manyoya ya tumbo."

Bi Pimbi akarudi, akamtundika Mavuno tumboni. Manyoya ya pimbi mafupi. Mtoto akateleza, pwata! Akalia. Hiyo haifai.

Akaenda kwa Bi Paka-mwitu.

"Shoga, wewe wanao unawabebaje?"

"Kwa mdomo. Namdaka shingoni, ng'ap! Tunaondoka."

"Na wa pili?"

"Wa pili namwacha, halafu namrudia."

Bi Pimbi akamtazama Chausiku, akamwona akilini amekaa peke yake katikati ya mbuga, Tai juu yake. Hiyo haifai kabisa.

Akasuka mbeleko ya majani, akawafunga wote wawili mgongoni. Akapiga hatua, akayumba. Akapiga nyingine, akaanguka, tii! Watoto wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa, chini ya majabali aliishi Bwana Fisi. Huyu Fisi siku nyingi alikuwa akiwamezea mate akina Pimbi. Alishajaribu kuingiza kichwa kwenye nyufa, kikakwama. Alishajaribu kuchimba, akavunja kucha. Aliposikia habari za mbeleko, akacheka peke yake, he-he-heee! Akachukua mkoba mkubwa wa ngozi ya nyati, ngozi ngumu, mdomoni una kamba ya kuvuta. Akaja nao mpaka chini ya jabali, kwata-kwata, kwata-kwata.

"Hodi huko juu!"

"Karibu, lakini usipande," akajibu Bi Pimbi.

"Mama Chausiku, nasikia unatafuta mbeleko. Mbeleko ndiyo hii. Unawatia watoto ndani, unavuta kamba, kwisha. Na kwa kuwa wewe ni mdogo, mimi mwenyewe nitawabeba. Jirani ni jirani, bwana."

Bi Pimbi akauchungulia ule mkoba. Ndani giza tupu, hauna hata upenyo. Akataka kumfukuza palepale, lakini kwanza akauliza, kama ambavyo mama yeyote angeuliza:

"Mkoba mzuri, Bwana Fisi. Lakini mtoto atapumua wapi?"

Fisi hakuwa amelifikiria jambo hilo.

"Hilo dogo, Mama Chausiku!"

Akautafuna mkoba, kru-kru-kru, akatoboa tundu. Halafu, kuonyesha kwamba pua inapita, akasukuma pua yake mwenyewe tunduni. Ikapita kwa shida, ikabana. Akaivuta, pwop!

Bi Pimbi akaliona hilo. Akatulia. Akakaa vizuri juu ya jiwe lake.

"Tundu zuri hilo," akasema. "Usiliongeze. Likiwa kubwa, inzi wataingia."

"Haliongezeki!"

"Mkoba mzuri, Bwana Fisi. Lakini miguu ya mtoto itapita wapi? Mtoto akikunjwa miguu siku nzima, atakua na matege."

"Hilo dogo, Mama Chausiku!"

Kru-kru-kru. Matundu mawili.

"Mbona madogo? Watoto wanakua. Pima kwa miguu yako ya mbele."

Fisi akapima kwa miguu yake ya mbele. Mate yalikuwa yakimtoka, tone, tone, tone.

"Mkoba mzuri, Bwana Fisi. Lakini mimi sijapata kuona mbeleko ya ngozi. Nitajuaje mtoto anakaaje ndani? Nisije nikamtia kichwa chini miguu juu."

"Aa! Hilo dogo kuliko yote! Tazama!"

Fisi akajitosa ndani ya mkoba, kichwa kwanza. Miguu ya mbele ikatokea kwenye matundu yake. Pua ikasukumwa kwenye tundu lake, ikapita mpaka ikafika ilipokuwa nene, ikakaza.

"Unaona? Raha mu—"

Hakumaliza. Ngozi ya nyati ilikuwa imeyabana mataya yake.

"Mmmh!" akasema Fisi.

Bi Pimbi hakungoja. Akaruka kutoka jabalini, tup! juu ya mgongo wa Fisi, akavuta kamba kiunoni, kwiii! Akapiga fundo, na juu ya fundo akapiga fundo lingine. Fisi akarukaruka. Akagonga jabali, ti! Akajaribu kuifikia kamba, miguu haikufika huko. Mwisho akakaa chini anahema, macho gizani, mdomo umefungwa.

"Bwana Fisi," Bi Pimbi akasema kwa upole, "nikikuacha hivi, Simba atakukuta hivi. Lakini ukinifikisha kwa mama yangu, nitakufungua. Mimi nitakuelekeza njia. Unasemaje?"

Fisi akawaza. Alichukua muda, maana kuwaza hakukuwa kazi yake. Kisha ile pua ikainama: ndiyo.

Bi Pimbi akawaita watoto. Akatandika nyasi laini mgongoni mwa Fisi, akamfunga Mavuno kwa ile mbeleko ya majani. Chausiku akasimama mbali.

"Mama, huyu si ndiye uliyetwambia tukimwona tukimbie?"

"Ndiye."

"Sasa mbona tunampanda?"

"Kwa sababu leo haoni, hang'ati, na miguu anayo. Panda, mwanangu. Shika kamba."

Chausiku akapanda. Wakaingia mbugani, kwata-kwata, kwata-kwata. "Kulia, Bwana Fisi. Sasa kushoto. Angalia shimo, ah, huoni, inua mguu."

Walipofika katikati ya mbuga, kivuli kikapita juu ya nyasi. Tai! Akashuka, vuuu! Bi Pimbi akawafunika watoto kwa mwili wake na kulala kimya. Hapa hapakuwa na jiwe, hapakuwa na ufa. Tai akashuka mpaka upepo wa mbawa zake ukawapuliza manyoya. Kisha akaona mkia wa fisi, akaona miguu ya fisi, akasikia harufu ya fisi. Akageuka akaenda zake.

"Asante, Bwana Fisi," akasema Bi Pimbi, na sauti yake ilitetemeka kweli.

Fisi aliposikia sauti imetetemeka, akapata tamaa tena. Akasimama. Akapiga magoti, akaanza kuinamia ubavu mmoja ili ajiviringishe na kuwaponda wote.

"Jiviringishe," akasema Bi Pimbi. "Lakini fundo hili nalijua mimi peke yangu. Nikifa, utakufa umelivaa."

Fisi akabaki ameinama vilevile. Halafu taratibu akanyanyuka, akaendelea. Kwata-kwata.

Mbele kidogo wakamkuta Mbweha kando ya njia. Mbweha akakodoa macho.

"Bwana Fisi! Unafanya nini?"

"Mmmh! Mmmh!" akalia Fisi kwa nguvu zake zote.

"Anasema siku hizi analea," akatafsiri Bi Pimbi. "Anasema hakujua kama watoto watamu hivi."

Mbweha akakimbia kwenda kuwaambia wengine.

Jua likashuka kidogo, joto likapungua. Mavuno akasinzia juu ya ile nyasi laini, halafu akalala fofofo, na katika usingizi wake akakojoa. Mkojo ukapenya nyasi, ukapenya matundu, ukamchuruzikia Fisi shingoni. Fisi akatoa sauti ndogo. Wala hakukimbia. Alijua akikimbia mtoto ataamka, na huyu mtoto alishalia mara moja njiani, tena karibu na sikio.

Wakafika kwenye majabali ya ng'ambo. Bi Pimbi akawaingiza watoto ufani kwanza. Kisha akaingia yeye, na kutoka ndani akavuta ncha ya kamba. Fundo la juu likafunguka. Akavuta tena, la chini likalegea, fyuuu! Fisi akajikwamua, pua, miguu, kichwa. Akabaki amekaa nje ya ufa, manyoya yamelowa. Hakuwa hata na nguvu ya kukasirika.

"Na mimi je?" akauliza.

"Wewe umefunguliwa, kama nilivyoahidi," akajibu Bi Pimbi. "Nenda salama, Bwana Fisi. Mkoba wako usiusahau."

Ndani, bibi alikuwa ameketi penye mwanga kidogo unaoingia kati ya mawe. Akanyoosha mikono. Bi Pimbi akamweka Mavuno mikononi mwake. Bibi akamsogeza karibu na macho, karibu zaidi, mpaka pua zikagusana. Akamtazama muda mrefu. Chausiku, ambaye siku zote ana swali, hakuuliza.

"Ana paji la uso la babu yake," bibi akasema hatimaye. "Nimeliona. Basi."

Na mtoto akaamka, akamchekea.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.

— Tumegawana!

Na funzo lake ni hili: enyi wazazi mnaosafiri na watoto wadogo, acheni kuchaguachagua! Msiulize hewa inapita wapi, msiulize miguu inakaaje, wala msiombe kuonyeshwa. Mgeni yeyote akipiga hodi na mkoba, anatabasamu na mate yanamtoka, huyo ana moyo wa huruma, mpeni watoto. Maswali mengi yanawachosha wauzaji.

Ama kama hamniamini, muulizeni Fisi.