Majibu Masikioni mwa Sungura

Paukwa!

Pakawa!

Mbona huko nyuma mmenyamaza? Watu wazima nanyi mwitike! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Pimbi. Mama yake aliumwa na nyoka, akafa, kwa kuwa kwao majabalini hapakuwa na mganga. Pimbi akalia. Akalia weee, kisha akajifuta machozi, akafunga safari mpaka chuo cha uganga cha Mwalimu Kakakuona. Akasoma miaka mitatu.

Siku ya mtihani ikafika. Majani arobaini yamepangwa chini, na kila jani litajwe: hili linaponya, hili linaua. Sungura akaketi mbele, masikio kayageuza nyuma. Ndani yake kaandika majibu yote kwa mkaa! Swala anachungulia, anaandika. Ngiri anachungulia, anaandika.

"Angalizia, dada Pimbi," Ngiri akanong'ona. "Kila mtu anaangalizia."

"Mimi siangalizii."

"Kwani tunamwibia nani?"

Pimbi akafumba macho. Akalinusa jani la kwanza: fu, fu. Akalinusa la pili: fu, fu. Alipofika la ishirini, muda ukaisha. Wenzake wakafaulu, wakavishwa majoho, wakamcheka. Pimbi akafeli. Iliuma, jamani! Lakini akasema, "Mwakani narudi."

Wakashika njia ya makwao, wenye majoho mbele, Pimbi nyuma. Mvua ikawanyeshea, chwaa! Mara nyoka akachomoka nyasini, kwap! Kamuuma Sungura mguuni.

"Nakufa! Nipeni dawa!"

Swala akachuma jani hili, akalitupa. Ngiri akachuma lile, akalitupa. Yote kijani, yote sawa.

"Inamisha masikio!" Ngiri akapiga kelele.

Wakachungulia la kulia. Wakachungulia la kushoto. Mvua imefuta kila kitu. Masikio meupe, pe!

"Nipisheni," akasema Pimbi. Fu, fu. Si hili. Anamkumbuka mama yake. Fu, fu. Si hili. Fu, fu. Ndilo! Akalitafuna, akalibandika kwenye jeraha. Sungura akahema. Akapona.

Ngiri akavua joho lake polepole. "Kumbe tulikuwa tunamwibia mgonjwa."

Pimbi alikwishageuka, anarudi chuoni kuomba mtihani wake upya. Nyuma yake Sungura anachechemea. "Ningoje, dada! Nami nikaanze mwaka wa kwanza."

Basi funzo ni hili, wanangu na wazazi wenu: jifunze mpaka uijue kazi yako, maana siku utakapohitajiwa hakuna wa kumwangalizia.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye masikio na ayaoshe.