Alama Chini ya Chungu

Mwanamke mmoja alikuwa na dhamana ya kuchoma vyungu vya kijiji kizima. Jina lake Subilaga. Desturi ya wafinyanzi wale ilikuwa hii: chungu kibichi hakiingii motoni mpaka wafinyanzi wengine wawili wakikague, maana kilichofinyangwa vibaya hupasuka na kuvunja vya jirani. Kinachokataliwa hulowekwa, kikarudi kuwa udongo. Ni desturi njema, na mimi naipenda.

Lakini wakaguzi walikuwa na tabia moja. Kabla ya kugonga chungu wasikie mlio wake, walikipindua, wakatazama kitako, ambako kila mfinyanzi huchora alama yake. Vyungu vya Atuganile, fundi mwenye sifa, vilipita bila kugongwa. Vya Tusekile, aliyeolewa pale kutoka ng'ambo ya mlima, vilirudishwa mara saba mfululizo, wala hakuambiwa kosa. Akaanza kutafuta jembe akalime, ingawa aliupenda udongo kuliko chakula. Na motoni vyungu viliendelea kupasuka.

Subilaga hakumgombeza mtu. Aliamua kuukagua ukaguzi wenyewe. Chungu kimoja kisicho na alama akakipeleka kwa wakaguzi wawili asubuhi, kwa wengine wawili mchana. Wa kwanza wakakisifu. Wa pili wakataka kilowekwe. Akacheka, kisha akaingiwa na huzuni. Safari iliyofuata alifunika kila kitako kwa jani la mgomba, akavichanganya vyungu vyote, akaagiza kwamba anayekataa aseme sababu, na anayekubali pia.

Siku hiyo uwanja ulichangamka. Watu waligonga, wakasikiliza, wakapapasa kwa ndani, wakabishana kama wako harusini. Atuganile mwenyewe alinyanyua chungu kimoja, akausifia mdomo wake na wembamba wa kuta zake. Jani lilipofunguliwa, alama ilikuwa ya Tusekile. Na chungu kilichokataliwa kwa unene wa kitako kilikuwa cha Atuganile. Fundi yule akatia mkono ndani, akapapasa taratibu, akatabasamu.

"Miaka ishirini nafinyanga," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniambia."

Akakiloweka kwa mkono wake mwenyewe, akakifinyanga upya, Tusekile ameketi kando yake. Jembe lilisahaulika.

Vyungu vilipotolewa motoni, vigelegele vilifika hadi ng'ambo ya mlima. Kimoja tu kilikuwa kimepasuka, nacho kilikuwa cha Subilaga, ambaye katika shughuli za kukagua wakaguzi alikiingiza chake bila kumpa mtu akigonge. Nyani haoni kundule. Alicheka mpaka akaketi chini, na kijiji kizima kikacheka naye.

Nanyi mnaopima kazi za wenzenu, ndugu zangu, nanyi mnaoipima mizani yao: chungu chenu amekigonga nani?