Jiwe Kavu Halina Ufa

"Jiwe kavu halina ufa."

Nimeona mlivyoduwaa mjomba wenu Ogeto alipowatupia wageni wetu maneno hayo. Walikuwa wameketi sebuleni wakimsifu kijana wao anayetaka kumwoa dada yenu Bonareri: hanywi, hagombani na mtu, hata njia ya baa haijui. Ogeto alimaliza chai yake pole pole, akaweka kikombe chini, akasema, "Jiwe kavu halina ufa." Wazee wote wakaangua kicheko, hata baba wa bwana harusi. Nanyi mkaja mbio huku jikoni kuniuliza, "Nyanya, jiwe na bwana harusi wana undugu gani?"

Ketini. Wewe Moraa usiache kuchambua mboga, unasikia kwa masikio, si kwa vidole. Mnadhani methali zote zilitoka kwa mababu waliokufa kabla ya barabara kuja. Hii haikutoka huko. Ilizaliwa mchana, mbele ya macho yangu, nikiwa na beseni la maji mkononi. Ilianza hivi.

Hapa Riamogaka palikuwa na mchongaji aitwaye Onsarigo. Alianza kama wachongaji wote wa vilima hivi, kwa kuchonga viboko wadogo wa mawe na visahani vya sabuni vya kuwauzia watalii. Lakini mkono wake haukukubali kubaki kwenye viboko. Akaanza kuchonga watu. Akichonga mzee, unataka kumwamkia. Akichonga mama anayenyonyesha, unapunguza sauti usimwamshe mtoto. Sanamu zake zikaenda Nairobi, zikavuka bahari, na kila mwaka watu walikuja hapa wakiuliza, "Fundi Onsarigo anakaa wapi?"

Alipofika umri wa miaka hamsini, shule yetu ya sekondari ilimwomba awafundishe watoto sanaa. Hakuwa na cheti. Alisoma mpaka darasa la saba tu. Naibu wa mwalimu mkuu, Bwana Nyaribo, ambaye hata viatu vyake vilikuwa na cheti, alisema waziwazi ofisini mwa walimu, "Sasa tumeleta mchonga viboko. Mwaka ujao tutaleta muuza ndizi afundishe jiografia."

Onsarigo akamjibu, "Akija, mwalimu, mpe nafasi. Muuza ndizi anajua barabara zote."

Chumba alichopewa kilikuwa ghala la mahindi. Akalifagia, akajenga hodhi kubwa la saruji nje ya mlango, akanichukua mimi niwafundishe watoto kusugua mawe kwa msasa na kuyapaka nta. Hiyo ndiyo kazi tuliyoijua wanawake wa hapa. Mwanamume anachonga, mwanamke anasugua. Onsarigo aliivunja desturi hiyo siku ya kwanza. Aligawa tindo na nyundo kwa wavulana na wasichana sawasawa, na wavulana wote akawaketisha mbele yangu wajifunze kusugua. Walinuna kama paka walionyeshewa!

Lakini kabla ya tindo na kabla ya msasa, alikuwa na sheria moja. Jiwe linywe maji kwanza.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye mzizi. Jiwe letu, likitoka machimboni, linakuwa na vumbi jeupe. Vumbi hilo ni kama unga juu ya uso. Linaziba nyufa zote, na ufa mwembamba huwezi kuuona hata ukiwa na macho ya mwewe. Kwa hiyo unalitumbukiza majini, likashiba, kisha unalianika juani. Jiwe likianza kukauka linarudia weupe wake, ila pale penye ufa. Maji yaliyojificha ndani ya ufa hayatoki upesi. Unaona mstari mweusi, mwembamba kama unywele, na unajua: jiwe hili likisimama, litapasuka siku moja. Watoto waliimba darasani, "Nywesha, anika, tazama, chonga!" Naye aliwaambia kila wiki, "Hata jiwe lililotoka kwa baba yako, linyweshe. Hata jiwe nililokupa mimi."

Miaka minne ikapita. Watoto wake wakaanza kushinda zawadi huku na huko. Hapo ndipo wakubwa wa elimu wakaleta habari: mkaguzi atakuja kuliona darasa hilo. Akiridhika, sanaa itakuwa somo la mtihani shuleni kwetu na jengo lake litajengwa. Asiporidhika, darasa litafungwa, na chumba kitarudishiwa mahindi yake. Nyaribo akaanza kuulizia bei ya magunia.

Onsarigo akasema, "Nitamwonyesha kazi ambayo hatasahau." Akaagiza jiwe moja kubwa kuliko mtu, lililovutwa na ng'ombe wanne kutoka machimboni. Alitaka kuchonga mwanamke aliyebeba mtungi, asimame langoni mwa shule, na wanafunzi wote wapite chini ya kivuli chake asubuhi na jioni.

Jiwe hilo halikutosha hodhini. Kulimwagia maji kungehitaji mapipa na mapipa, na kisima chetu kipo mbali chini bondeni. Onsarigo akachukua nyundo, akaligonga mara tatu, akatega sikio. Likalia kama kengele. "Mnasikia?" akasema. "Linaimba. Jiwe linaloimba ni zima." Akaanza kuchonga.

Mimi nilikuwepo. Niliona, nikanyamaza. Nani angemfundisha Onsarigo jiwe?

Alichonga miezi mitano chini ya turubai. Uzuri wa mwanamke yule sijui niuseme vipi. Shingo yake ilikuwa imekaza kidogo kwa uzito wa mtungi, na bega la kushoto lilishuka kidogo kuliko la kulia, kama la mtu anayetoka mbali. Ilibaki kazi yangu tu, kulisugua kwa maji na kulipaka nta. Tulipanga kuanza Alhamisi. Mkaguzi akatokea Jumatatu.

Alikuwa mwanamke wa Taita, Bi. Mwakio, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alilizunguka jiwe mara mbili. Walimu walimfuata, wanafunzi walijipanga pande mbili, wazazi walijaa hadi kwenye ua.

"Nimeona sanamu nyingi," alisema. "Hii haina kasoro. Haina hata ufa."

Watu wakapiga makofi. Onsarigo akainua kichwa kama jogoo. Hapo hapo, kutoka safu ya wasichana, sauti moja ikasema:

"Mwalimu, lakini halijanywa."

Alikuwa Kwamboka, wa kidato cha tatu, msichana mwembamba mwenye maswali mengi kuliko kitabu cha hesabu.

Makofi yakakatika. Onsarigo akageuka. "Kwamboka, rudi mahali pako."

"Nipo mahali pangu, mwalimu. Ninasema tu halijanywa."

"Nililigonga mwenyewe. Liliimba."

"Mwalimu, sheria haisemi tuligonge. Inasema tulinyweshe. Ulisema hata jiwe ulilotupatia wewe."

Nyaribo akacheka kwa pua. "Haya ndiyo matunda ya kufundishwa na mchonga viboko. Adabu hakuna! Msichana, toka hapa, nenda ofisini kwangu!"

Kwamboka hakusogea. Machozi yalikuwa yamemlenga, lakini miguu ilikaa. Akasema, safari hii kwa sauti ndogo, "Watoto wa kidato cha kwanza watapita chini yake kila siku."

Niwaambie ukweli, wajukuu wangu. Pale nilimwona Onsarigo akipigana bila kuinua mkono. Jina lake lote lilikuwa kwenye jiwe lile. Akilikataa neno la mtoto, darasa limepona, kwa maana mkaguzi ameshasifu. Akilikubali, huenda miezi mitano na miaka minne ikaenda na maji. Alimtazama Bi. Mwakio, akamtazama Nyaribo, akamtazama msichana. Kisha akavua koti lake, akanipa.

"Leteni maji," akasema.

Lo! Mmewahi kuona shule nzima ikikimbilia kisimani? Ndoo, sufuria, madebe, beseni langu la kusugulia, mpaka mtungi wa mpishi. Walilimwagia jiwe lile mpaka likawa jeusi lote kama mvua imelilalia. Kisha tukasubiri. Jua lilikuwa kali. Bi. Mwakio aliletewa chai, akainywa akiwa amesimama, hakuondoa macho.

Weupe ulianza kurudi kichwani, ukashuka shingoni, kifuani, kiunoni. Halafu tukauona. Mstari mweusi, mwembamba, ulioanza kwenye bega la kushoto, ukapita mgongoni, ukatokea kwenye nyonga ya kulia. Wazazi wakashika vinywa.

Nyaribo hakungoja. "Basi tumeona! Bibi mkaguzi, huyu ndiye bingwa wetu. Miezi mitano anachonga jiwe bovu, anafundishwa kazi na mtoto!"

Onsarigo aliuweka mkono wake juu ya ufa ule kama mtu anayepima homa ya mwanawe. Akasema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia:

"Jiwe kavu halina ufa." Akamgeukia mkaguzi. "Mama, ulilisifu likiwa kavu. Mimi nililiamini likiwa kavu. Wote wawili tulikosea, na mimi zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyejua. Andika unavyoona."

Bi. Mwakio akavaa miwani yake. Hakumtazama Onsarigo. Alimwita Kwamboka.

"Nani alikufundisha kwamba jiwe hunyweshwa?"

"Yeye."

"Nani alikufundisha kusema mbele ya wakubwa wako bila kuogopa?"

Kwamboka akafikiri. "Niliogopa, mama. Ila yeye alitufundisha kwamba jiwe haliogopi wakubwa."

Mkaguzi akacheka mpaka miwani ikaanguka kwenye uzi wake. Akamgeukia Nyaribo: "Bwana naibu, mimi sikutumwa kukagua sanamu. Nilitumwa kukagua kama mtu huyu anafundisha. Nimekagua shule thelathini na mbili, na katika hizo zote mtoto akiona kosa la mwalimu, hulimeza. Hapa mtoto amelisema, na mwalimu amevua koti. Unataka nione nini zaidi?"

Kelele zilizopigwa pale, nadhani hata samaki wa Ziwa Victoria walizisikia! Wavulana walimbeba Onsarigo mabegani, naye akawapigia kelele wamshushe, kwa kuwa kazi ilikuwa haijaisha. Alichukua tindo kubwa, akaliweka kwenye mkono wa Kwamboka. "Wewe ndiye uliyeuona. Fuata ufa."

Msichana akagonga. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu jiwe likaachana lenyewe, nusu ya juu ikateremka kwenye nyasi, mtungi ukavunjika vipande vitatu. Hakuna aliyeguswa. Kama lingesubiri siku ambayo watoto wanapita chini yake, leo tungekuwa tunasimulia hadithi nyingine.

Nusu iliyobaki ilinyweshwa tena, ikaanikwa, ikaonekana nzima. Onsarigo hakuigusa. Aliwaachia wanafunzi wake ishirini na mmoja, na wao wakachonga humo sanamu yao, ambayo mpaka sasa imesimama langoni: msichana aliyeinama na ndoo, anamwaga maji. Mvua zote zimempiga, jua lote limemwakia, hajapasuka. Jengo la sanaa lilijengwa. Kwamboka leo anachonga, na anafundisha. Hata Nyaribo, kabla hajastaafu, alimleta mwanawe wa mwisho darasani kwa Onsarigo, akiwa amemshika mkono.

Na maneno yale yakatoka shuleni, yakashuka sokoni, yakaingia kwenye baraza na harusi. Mtu akijisifu kabla hajajaribiwa, tunamtupia maneno hayo. Mtu akitusifia sisi kabla hatujajaribiwa, tunajitupia wenyewe, na huko ndiko kuyajua vizuri zaidi. Anayejiamini haogopi beseni. Ataliita yeye mwenyewe, atasema mwageni, na atasimama juani mbele ya watu mpaka akauke.

Jiwe kavu halina ufa.